Kiti cha Mama Feza na biro ya kodi

Kalemie, Ijumaa jioni, mwezi wa kumi na moja.

Mvua ilipiga tangu alfajiri, ikapumzika saa sita mchana, na sasa inanyesha tena polepole kama mtu aliyechoka kulia lakini bado hajamaliza. Ziwa lina rangi ya majivu. Meli ya Kigoma haijafika, kwa hiyo leo mgongo wangu umepumzika.

Moyo haukupumzika.

Feza, binti yangu, ndiye aliyenifungulia ukurasa huu kwenye simu kabla hajarudi Lubumbashi kwa masomo yake. Aliniambia, "Papa, wewe huongei. Basi andika." Shule yangu iliishia darasa la sita, lakini barua nilikuwa naandika vizuri, na mwalimu wetu alikuwa na fimbo. Wanaonisoma ni Feza na watu wachache nisiowajua. Karibuni. Leo nina jambo.

Leo nimefunga malewa ya mke wangu.

Nieleze vizuri, maana mtu asiyejua malewa anaweza kudhani ni hoteli. Ni kibanda cha mbao na mabati mbele ya chumba tunachopanga, kwenye njia inayoteremka bandarini. Ndani kuna meza mbili, mabenchi, mafiga matatu, na kiti kimoja kifupi cha mti. Mama Feza, mke wangu, alikaa juu ya kiti hicho akipika. Sisi wabeba mizigo tulikula pale: bukari, yaani ugali, na maharagwe, na ndakala, wale samaki wadogo wakavu, siku za neema. Alikuwa na patente, ile karatasi ambayo mfanyabiashara mdogo analipia kila mwaka. Wamama wenzake walimcheka, eti kwa sufuria mbili anatafuta patente ya nini. Akawajibu kwamba yeye anataka kupika bila kuchungulia barabarani. Akaitundika ukutani juu ya mafiga mpaka moshi ukaifanya rangi ya chai.

Mwaka jana, mvua za kwanza, habari ilishuka kutoka Pepa: mama yake ameanguka shambani, hainuki. Mama Feza akapanda gari la maharagwe asubuhi iliyofuata. Dereva alikuwa anapiga honi, watu juu ya magunia wanapiga kelele. Alinipa ufunguo, akanishika mkono, akapanda. Hakuna aliyesema neno la maana. Nani anasema neno la maana mbele ya honi?

Kwetu ni kule juu, Pepa, kwenye mlima wa Marungu. Watu wa Kalemie hawajui baridi. Kule asubuhi ukungu unalala juu ya mgongo wa ng'ombe, na ukiwaita unaona kwanza pembe zinakuja, kisha ng'ombe mwenyewe anafuata. Maziwa yanatoa mvuke. Unalala na blanketi mbili na mbwa mlangoni. Mimi nimekaa hapa kando ya ziwa miaka mingi, tangu Feza akiwa mgongoni, na bado kila nikivua shati kwa joto huwa naona haya kidogo, kama mtu aliyevuliwa.

Kule kwetu kuna jambo moja ambalo hapa mjini wanalicheka. Mtu akienda safari, kiti chake hakikaliwi wala hakigeuzwi. Kila asubuhi kinatolewa mlangoni, kinapanguswa vumbi. Jioni kinarudishwa ndani. Mafiga yake hayahamishwi. Kiti kinageuzwa miguu juu siku moja tu, siku inapofika habari ya kifo. Ukikiacha ndani bila kukitoa, ni kama unamwambia msafiri: kaa hukohuko.

Kwa hiyo nilikitoa.

Kila asubuhi kabla ya kushuka bandarini nilifungua ule ubao wa mbele, nikafagia, nikatoa mabenchi, nikatoa kiti cha Mama Feza, nikakipangusa kwa kitambaa chake cha jikoni. Wenzangu waliendelea kupita pale, wakakaa, wakanywa maji ya mtungi. Siku za baridi ya mvua niliwasha moto kidogo. Na nikiri hapa: mara nyingine niliweka maharagwe juu ya moto, si kwa kuuza, ila nipate kuona moshi unatoka pale unapotoka siku zote. Ukiwa umetoka bandarini na gunia bado liko shingoni mwako hata baada ya kulitua, halafu unaona moshi ule kwa mbali, kwa muda mfupi unasahau. Unaharakisha. Halafu unakumbuka kwamba ni wewe mwenyewe uliyewasha moto ule.

Tuliokula, tulikula bure. Aliyeweza alileta mkaa.

Basi watu wa kodi nao wana macho. Walipita mara moja wakaona ubao uko wazi, watu wamekaa, moshi unapanda, patente ya zamani inaning'inia ukutani. Waliacha karatasi ya kuita mwenye biashara. Mimi niliikunja nikaiweka chini ya sahani, nikijiambia kwamba mwenye biashara akirudi ataisoma. Wakaacha nyingine. Nikaikunja. Sikuwa na kiburi. Karatasi ile ilimwita Mama Feza kwa jina lake lote, na mimi si Mama Feza.

Jumanne nilitoka bandarini nikakuta ubao umefungwa, kufuli jeusi si letu, na karatasi yenye muhuri imebandikwa katikati ya mlango. Majirani wamesimama kama kwenye matanga. Mtu mmoja aliniambia pole. Nikamwambia hakuna aliyekufa. 

Mabenchi waliyaacha nje. Kiti cha Mama Feza kilikuwa ndani.

Sikulala usingizi. Najua ni kiti tu. Najua ni mti wenye miguu mitatu ambao nilimnunulia kwa fundi wa hapahapa. Lakini Jumatano asubuhi, kwa mara ya kwanza tangu aondoke, sikukitoa.

Nikaenda biro ya kodi, yaani ofisi yao, na shati la kanisani. Pale niliingia chumba kimoja chenye meza ya mama mmoja mnene mwenye miwani, ambaye wote wanamwita Mama Shefu. Kwenye benchi wanangojea watu: mama wa kusuka nywele, kijana wa kuchaji simu, muuza chumvi. Kila mmoja ana karatasi yake na uso wake. Nilimchukua rafiki yangu Papa Mulamba awe shahidi wangu. Papa Mulamba ni mbebaji mwenzangu, mtu wa moyo mweupe, ambaye Mungu alimpa mabega mapana na mdomo usio na mlango.

Nilimweleza Mama Shefu kwamba pale hapauzwi kitu, mwenyewe amesafiri. Akauliza kama nina mtu wa kuthibitisha. Papa Mulamba alisimama, akavua kofia.

"Mama Shefu, mimi ninamujua huyu Papa," alisema. "Ni muntu wa haki kabisa. Tangu mama ametoka, huyu hajafunga ile malewa hata siku moja!"

"Hata siku moja?" Mama Shefu aliuliza, akichukua kalamu.

"Hata moja! Mvua, jua, anafungua. Sisi wote tunakula pale. Maharagi yake, Mama, hata mke wake hakupika vile."

Mama wa kusuka nywele alijificha uso kwenye kitenge akicheka. Mimi nilitazama viatu vyangu.

"Asante, Papa shahidi," alisema Mama Shefu. "Umenisaidia sana." Kisha akanigeukia. "Na wewe Papa, siku ingine ukija kujitetea, huyu mwache nyumbani."

Lakini hakuwa mtu mbaya, na lazima niandike hivyo, maana nilikwenda pale nikiwa nimekwisha kumchukia. Alinisikiliza nilipomweleza habari ya kiti. Nilimweleza mbele ya wote, mpaka ukungu na mafiga. Muuza chumvi, mtu wa Nyunzu, alitikisa kichwa akasema kwao pia wazee walikuwa na kitu kama hicho kabla ya vita, lakini walipokimbia viti vyote vilibaki, na sasa nani anajua nani alivitoa. 

Mama Shefu alivua miwani.

"Papa, nimekuelewa. Lakini serikali haijui kungoja. Inajua biashara iko wazi, ao biashara imesimama. Haina mahali pa kuandika amesafiri." Akaeleza polepole, kama anavyoelezwa mtu wa darasa la sita, na nilimshukuru kwa hilo. Kama malewa iko wazi, kodi yake inatembea kila mwezi, na kwa kuwa hatukujibu wito, adhabu inatembea juu yake. Kama imesimama, anaandika tamko kwamba imesimama tangu siku mwenyewe alipopanda gari, shefu wa mtaa anathibitisha siku hiyo, na kodi ya baada ya hapo inafutwa. Adhabu, yeye Mama Shefu ataiombea huruma kwa wakubwa wake. Kufuli linatoka leoleo.

"Unachagua nini?"

Nikasema haijasimama. Amesafiri tu.

"Basi iko wazi. Lipa."

Nikasema haiko wazi.

"Ee Papa!" alisema Mama Shefu, na benchi lote likacheka. Hata mimi nilicheka. Lakini ndani yangu kulikuwa na kitu kinashikilia kwa kucha. Kuandika imesimama, kwangu, kulikuwa ni kukishika kile kiti na kukigeuza kwa mkono wangu.

Nikatafuta njia ya kutoka. Nikasema jina kwenye patente si langu, siwezi kutamka mahali pake. Mama Shefu alitazama karatasi zake, akasema hapo nina haki. Mwenyewe atamke. Kama yuko mbali, aje kwa simu, yeye Mama Shefu asikie sauti yake, kisha mimi nitie sahihi kwa niaba yake.

Nilitoka nikijiona mjanja. Nilifika mpaka sokoni ndipo nikaelewa nilichokifanya.

Nimsimulie mtu asiyejua: Pepa mtandao haushiki vijijini kwetu. Kuna kilima kimoja ambapo simu inapata. Kila Ijumaa baada ya soko Mama Feza anapanda pale, na mimi nakaa na simu mkononi. Mwaka mzima tumeongea kila Ijumaa. Aliniambia mama yake amekaa, mama yake amelala, mama yake amekufa. Kiangazi kile nilitaka kupanda kwenda kuzika, lakini njia ilikuwa na watu wenye bunduki na gari halikuwapo. Nilituma kitenge cha msiba na dereva. Baadaye aliniambia habari za watoto wa marehemu dada yake, waliobaki mikononi mwake. Aliniambia maharagwe yametoka, nyani wameingia, ng'ombe mwekundu amezaa. Mimi nilimwambia meli imekuja, meli haijaja, Feza amefaulu.

Swali moja sikuuliza hata Ijumaa moja. Sikuuliza utarudi lini.

Niliogopa. Nilijua kwamba swali lisiloulizwa halina jibu baya. Mtu anaweza kuishi muda mrefu ndani ya swali kama hilo, lina paa, lina kuta, ukizoea hata joto lina.

Sasa ilibidi biro ya kodi iniulizie mke wangu.

Alhamisi sikufanya kitu. Nilikaa kwenye benchi nje ya mlango wenye muhuri. Papa Mulamba alikuja akakaa karibu nami, akaomba msamaha kwa ushahidi wake. Nikamwambia hakusema uongo. Akasema, "Njo vile. Uongo siujui, njo maana sijapata cheo." Tukanywa chai ya jirani. Mtu mmoja wa zamani, mteja wetu, alipita akauliza kama Mama Feza amefariki, kwa sababu ya ile karatasi mlangoni. Nilitaka kumrukia.

Leo Ijumaa nilifika biro mvua ikipiga mabati kwa nguvu mpaka watu wanaongea kwa ishara. Nilikuwa na mawazo mabaya: labda mvua itakata mtandao. Nilitamani ikate. Mama Shefu alinipa kiti karibu na dirisha, akaendelea na wengine. Mvua ilipotulia simu ikalia, nami nikaitazama inalia kama mtu aliyesahau simu inavyopokewa.

Mama Shefu aliichukua, akafungua sauti wote wasikie.

"Allo Mama. Hapa njo biro ya kodi ya Kalemie."

Upepo ulivuma kwenye simu. Upepo wa kwetu. Ningeujua popote.

"Biro ya kodi?" ilisema sauti ya Mama Feza. "Papa Feza amekufa?"

"Hajakufa, Mama. Yuko hapa, anatoka jasho tu."

"Basi anafanya nini kwa kodi?"

Mama Shefu akamweleza malewa, kufuli, karatasi. Akamuuliza: biashara yake ameisimamisha, ao bado anayo?

"Kwani malewa ingali iko?" Mama Feza aliuliza.

Chumba kilinigeukia.

"Mama, bwana wako anaifungua kila siku," alisema Mama Shefu. "Anafagia. Anatoa kiti chako inje, anakipangusa. Ajenti wangu wamemuona wakafikiri ni mpishi."

 Ule upepo tu ulivuma. Mama wa kusuka nywele, ambaye leo pia alikuwapo, aliacha kutafuna. Nilisikia mke wangu anavuta pumzi, na nikajua anafuta uso kwa kona ya kitenge, kwa sababu ndivyo anavyofanya, anavuta pumzi kwanza.

"Mama Shefu," alisema, "andika imesimama. Tangu siku nilipanda gari."

Hivyo tu. Kalamu ikaandika. Nilisikia kitu kinashuka ndani ya kifua changu taratibu, kama gunia linapoteleza na huwezi tena kulishika.

"Papa Feza, uko unasikia?"

"Niko," nilisema.

"Mimi sikusafiri. Nilirudi nyumbani. Nilipofika hapa nilikuta kiti changu kwa mlango, nikakikalia. Chako kilikuwa kando yake. Mama yako alikitoa kila asubuhi mpaka akakufa. Mama yangu akakichukua, naye akakitoa mpaka akakufa. Sasa ninakitoa mimi."  "Msafiri njo wewe, Papa Feza. Nilikuwa ninaogopa kukuuliza utarudi lini."

Nilifungua mdomo. Mtandao ukakatika.

Sijui nilikaa pale muda gani. Hakuna aliyecheka. Muuza chumvi, naye alikuwapo leo, alitoka nje akasimama kwenye matope. Mama Shefu alisogeza karatasi mbele yangu, akaniwekea kidole mahali pa kutia sahihi, akasema kwa sauti ndogo, "Hapa, Papa." Nikaandika jina langu.  Sikuona kama ninageuza kiti cha mtu.

Mambo ya kodi yameisha vizuri kuliko nilivyoogopa. Shefu wa mtaa ameithibitisha ile siku ya gari la maharagwe, anaikumbuka kwa sababu honi ilimwamsha. Ya nyuma, kabla hajaondoka, Mama Feza alikuwa amelipa yote. Adhabu ya kutojibu wito wameipunguza, na nitaimaliza baada ya meli. Mama Shefu aliniandikia kila kitu na kunionya: siku ukisimamisha kitu, sema. Usiiachie serikali ibahatishe. Nikamwahidi. Nilipofika mlangoni aliniita.

"Papa. Yale maharagi, ni kweli mke wako hakupika vile?"

"Mulamba ni muongo," nilisema, na hapo ndipo watu walipocheka.

Ajenti kijana alikuja nami, akaondoa kufuli, akakwangua karatasi ya muhuri kwa kisu kidogo. Ilibaki alama nyeupe kwenye ubao. Niliingia. Kulikuwa na giza na harufu ya moshi wa zamani. Kiti chake kilikuwa pale pale, kimesimama, na vumbi jepesi juu yake.

Nimefanya hivi. Nimefagia mara ya mwisho. Patente nimeitoa ukutani, nimeikunja, nitampelekea, maana aliipenda. Sufuria nimempa jirani mmoja mwenye watoto wengi. Mafiga matatu, yale ambayo hayahamishwi, nimeyabeba moja moja mpaka kando ya njia, pale tulipoyaokota siku ya kwanza, yeye akichagua na mimi nikibeba. Moja bado lilikuwa na joto. Sijui kwa nini, hapakuwa na moto tangu Jumatatu. Labda ni mikono yangu.

Papa Mulamba alipita akanikuta nimesimama na jiwe.

"Na kesho tutakaa wapi?" aliuliza.

 Alikaa juu ya lile jiwe, mabega yake yote mapana, akatazama ziwa. Baadaye akasema kule kwetu lazima watakuwa wanahitaji mbebaji. Nikamwambia kule mizigo hubebwa na punda. Akasema basi atajifunza kulia kama punda. Mtu huyu nitamkosa sana. Sikumwambia.

Sasa niko chumbani. Kiti cha Mama Feza nimekileta ndani, kiko karibu na kitanda. Nimefikiri sana nikifanyeje. Kukigeuza siwezi, yuko hai. Kukitoa kesho asubuhi pia siwezi, kwa sababu hakuna anayengojewa hapa. Basi nimekifunga kamba kwa kubeba.

Nafikiri juu ya mama yangu. Alikufa miaka mingi nyuma, na mimi nilikuwa chini ya gunia la mahindi habari ilipofika. Sikujua kwamba kila asubuhi, kwa mgongo wake uliopinda, alikuwa anatoa kiti changu kwenye ukungu na kukipangusa. Nilipokuwa nalalamika kwamba hakuna anayenikumbuka kule. Nilipokuwa nimejifanya mtu wa ziwa. Mama wawili wamekufa kiti changu kikiwa kimesimama, na mimi mwaka mzima nimekaa hapa nikidhani ni mimi ninayengoja.

Jumatatu wanasema meli itafika, sementi na unga. Nitaibeba hiyo, nimalize neno la kodi na nauli, kisha nitapanda gari linalokwenda kuchukua maharagwe, mvua ikiruhusu, njia ikiruhusu. Magoti yangu sijui kama yatakubali mlima. Baridi sijui kama nitaikumbuka au itanikumbuka. Watoto wa shemeji yangu hawanijui, watauliza huyu mzee wa joto ni nani.

Kile kiti changu cha Pepa nilikiacha nikiwa kijana, mwembamba, mwenye haraka. Nilikichonga mwenyewe kwa kiasi cha mwili wangu wa wakati ule.

Je, bado kitanienea?